Fundi Wangila na Goti Lililopona Bila Dawa

Mimi Thuo wa stoo nilizaliwa na bahati, hata wasionipenda wanakubali. Fumbo la goti bandia lililowachanganya wasomi wote wa karakana yetu, nililifumbua mimi, niliyeiacha shule kidato cha pili. Lakini leo si siku yangu.

Leo, tarehe 30 Juni, ni siku ya Mzee Mukhisa Wangila, anayestaafu baada ya miaka thelathini na moja kwenye karakana ya uhandisi, chuoni kwetu hapa Kitale. Alitoka Bumula akaja kufagia, akaishia kutunza mashine inayokunja magoti bandia mchana kutwa, kama mtu anayetembea, hadi yachakae. Ikigoma, Mzee aliisemesha Kibukusu, ikawaka. Mimi nimeijaribu kwa Kikuyu, wapi.

Kwa miaka miwili goti la Daktari Jepkoech lilikunjwa bila kulia. Tulijisifu mpaka Bungoma, ambako Mama Agneta, muuza nyanya aliyekatwa mguu, aliandikishwa kuwa wa kwanza kulivaa. Halafu Machi mwaka jana Mzee akaenda likizo kupanda mahindi. Siku ya tatu goti likalia kama mlango wa choo. Siku ya tano likakwama. Daktari akalaumu plastiki, wanafunzi wakalaumu stima, mimi nikalaumu baridi ya Mlima Elgon. Tulibadilisha kila kitu, goti likakataa. Mzee akarudi, na kesho yake likapona lenyewe. Hapo ndipo tulipopotea kabisa, bana. Lakini furaha ni furaha: Mama Agneta akaambiwa aje Jumatatu.

Kumbe kila asubuhi Mzee alikuwa akilipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Alilihurumia tu. "Si hata ng'ombe hupakwa," alisema. Bila mafuta hayo, goti lingemkwamia Mama Agneta katikati ya barabara. Majibu ya miaka miwili yalifutwa, vipimo vikaanza upya. Sasa goti lina kifuko cha mpira cha kushika mafuta, na Mama Agneta anauza nyanya akiwa amesimama.

Mzee, asante. Kapumzike Bumula, ng'ombe wakunenepee, na tukikupigia simu ushike, maana mpaka sasa hakuna anayejua kuiwasha hiyo mashine. Maisha yakuendee vizuri, wewe na mkeo, Mama Nabwile.

Na ile ya kufumbua fumbo ni uongo. Ijumaa ile, kabla Mama Agneta hajaja, Mzee aliingia mwenyewe kwa Daktari na kopo lake la mafuta mkononi, akijua anaweza kufutwa kazi na kukosa kiinua mgongo. Mimi nilikuwa stoo, nakunywa chai.