Rimoti Mfukoni mwa Kanzu

Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu, masheikh wetu na Padri, wazazi wenzangu wa Mtanda, na wewe Mwalimu Lusia unayestaafu leo: assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mnanijua. Ni Saad, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule anayeyaandikia magazeti barua yasizozichapa. Ile tamthilia ya msichana wa shule anayejiua ilipoanza kuonyeshwa, nilisimama hapa hapa nikadai ifungiwe, mkanipigia makofi. Kisha nikachukua hatua ya kishujaa: nikaitia rimoti mfukoni mwa kanzu, nikawa naenda nayo dukani. Wiki tatu nzima nikauza sabuni huku nikilinda maadili ya taifa. Kumbe televisheni ina vitufe ubavuni. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mimi.

Mchana mmoja, tukila, binti yangu Mwanaidi akaniuliza, "Baba, mtu akisema amechoka kuishi, anakuwa anatania?"

Nikamjibu, "Kamuulize somo yako."

Si ndivyo tunavyojibu? Binti tumemkabidhi kwa somo aliyemfunda unyagoni. Baba kazi yake ada na viatu. Na somo mwenyewe, Bi Adija, yuko Kiranjeranje anapalilia ufuta, simu yake huiwasha Ijumaa kwa Ijumaa.

Mtoto akalipeleka swali kwa Mwalimu Lusia. Alipoulizwa ni nani aliyechoka, akaaga, akaondoka. Mwalimu akanijia dukani siku ile ile, mbele ya wateja.

"Baba Mwanaidi, hiyo rimoti irudishe nyumbani. Tazameni pamoja, kisha muulize."

"Mwalimu, nikimtajia kujiua si nitampa wazo?"

"Wazo ameshalipata kwenye televisheni yako. Anachokosa ni mtu wa kuongea naye. Na unipimie sukari, nusu."

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kutukanwa kwa adabu kiasi hicho?

Jioni nikairudisha rimoti, nikaketi na Mwanaidi mbele ya televisheni. Nikamuuliza waziwazi, kwa woga uliozidi wa siku niliyokwenda kuposa: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?"

"Mimi hapana, Baba. Ni rafiki yangu. Ameniapisha nisiseme."

Siku kumi na mbili tangu aapishwe, binti wa miaka kumi na tano alibeba uhai wa mwenzake peke yake. Mimi nilibeba rimoti.

Tuliondoka pale pale, televisheni ikiendelea kusema, hadi kwa Mwalimu. Naye akaongozana na wazazi wa yule binti mpaka hospitali. Hawa mabinti wawili wameniruhusu niseme hadi hapo, nami naishia hapo.

Mwalimu, kamati imekununulia televisheni. Rimoti yake hii hapa. Nakukabidhi mbele ya mashahidi, kabla haijazoea mfuko wangu.

Na yule binti yuko nasi leo, amekaa katikati ya watoto wenu, kavaa sare kama wao. Msigeuze shingo kumtafuta. Muulizeni wa kwenu, leo, mkifika nyumbani.

Nawashukuru kwa masikio yenu.