Bi Ndoto na Barabara Isiyovukwa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu Bi Ndoto anastaafu. Ameitumikia idara ya barabara ya jiji letu kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu kitengo cha wavushaji wa wanafunzi kianzishwe, yeye ndiye aliyekiongoza. Jina lake kamili lipo kwenye hati ya mshahara. Humu ndani halitumiki, na akiitwa kwa jina hilo hageuki.

Jina la Bi Ndoto alipewa na madereva wa idara. Kikaoni, hoja zikipamba moto, yeye hufumba macho na kuegemeza kichwa ukutani, mpaka mgeni angeapa kwamba mama wa watu kapitiwa na usingizi. Thubutu! Hapo ndipo yuko kazini. Kichwani mwake ni asubuhi kwenye njia panda fulani, watoto wanakuja na mabegi yanayowazidi migongo, na lori linatokea upande wa pili. Akifumbua macho anasema mvushaji asimame wapi, tena upande gani wa nguzo ya taa. Mara nyingi anapatia. Akikosea anasema pia, kisha anajicheka mpaka machozi.

Alianzia stoo, akigawa makopo ya rangi nyeupe kwa wachora mistari ya barabarani. Mumewe, fundi saa, anasema rangi hiyo ndiyo iliyomwoza. Alikanyaga mstari mbichi, akakaripiwa na binti mmoja mkali, akarudi kesho yake kuomba radhi. Kesho kutwa akarudi tena, kwa kosa lilelile.

Kwa walioingia kazini juzi, mvushaji ni yule mwenye kizibao cha manjano na kibendera chekundu anayesimamisha magari wanafunzi wavuke. Kila shule inamtaka. Wavushaji hawajawahi kutosha, kwa hiyo kumpa huyu ni kumnyima yule, na mwenye kuamua, mkuu wa idara akiridhia, ni Bi Ndoto. Mvi zake zote anawasingizia wanafunzi.

Basi mwaka huu likaja suala la barabara ya kiwanda cha magodoro. Utaratibu wetu ni kutuma watu wawili wakahesabu watoto wanaovuka. Wakiwa wengi mvushaji anapatikana, wakiwa wachache mtasubiri. Pale walihesabu asubuhi baada ya asubuhi wakapata sufuri. Mkuu wa idara akaifuta barabara hiyo kwenye orodha, na mvushaji pekee aliyebaki akampangia shule ya jirani na soko, ambako watoto huvuka kwa makundi.

Bi Ndoto akataka kuiona hiyo sufuri kwa macho yake. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu. Vinyuzi vya pamba kutoka kiwandani vilikuwa vinaelea juu ya lami, vikipanda na kushuka, na malori yakipita katikati yake taa zimewashwa. Ng'ambo ya barabara, kwenye kamba za nguo, aliona sare za shule za kubadilisha zimeanikwa: mashati, sketi, soksi ndogondogo zinadondosha maji. Shule yenyewe iko upande huu. Sare zipo, shule ipo, sasa wavaaji wanapita wapi?

Akavuka kuuliza. Mwanamke anayefua nguo za watu kwa malipo, mwenye binti wa darasa la kwanza, alimweleza kwamba watoto wote wa ng'ambo huzungukia darajani, kule mbali kwenye reli, na hutoka nyumbani giza bado nene. Wazazi wamewakataza kuigusa hii barabara. Bi Ndoto akaenda hadi shuleni, na mwalimu wa darasa la kwanza akamwonyesha madawati ya nyuma. Watoto wa ng'ambo walikuwa wamelala fofofo, mashavu juu ya madaftari, midomo wazi. Kengele haikuwaamsha. Mwalimu alisema huwaacha tu maana anawaonea huruma, lakini wenzao wanasoma na wao hata herufi hawajazishika. Sufuri yetu ilikuwa ni woga wa wazazi.

Kikao cha siku hiyo tutakisimulia kwa wajukuu. Mkuu alikuwa na hoja: huwezi kuwanyima mvushaji watoto wanaoonekana ukampeleka kusikovuka mtu. Bi Ndoto safari hii hakufumba macho hata kidogo. Akaweka ngumu. Mwisho wakakubaliana kwamba mvushaji aende kiwandani mpaka shule zifungwe. Asipovuka mtoto, anaondolewa na suala halifufuliwi. Na watoto wa sokoni je? Bi Ndoto akasema atawavusha yeye. Tukadhani utani. Kesho yake alikuwa sokoni na kizibao kinachombana na viatu vya ofisini vya kisigino, anasimamisha magari, mumewe kasimama pembeni na raba kwenye mfuko akimbembeleza abadilishe.

Kiwandani hali ilikuwa mbaya. Mvushaji wa pale ni refa mstaafu wa mpira, mtu wa kujiheshimu, na madereva wa malori walimuuliza kama anauvusha upepo. Wiki ya kwanza hakuvuka mtoto. Ya pili hivyohivyo. Bi Ndoto, roho mkononi, akawa anapita nyumba hadi nyumba jioni, na kila mzazi alimjibu kwamba mvushaji leo yupo, kesho hayupo. Ilikuwa kweli. Aliwaomba asubuhi moja tu.

Aliyekubali ni yule mama mfuaji. Alimshika binti yake mkono wakasimama ukingoni. Filimbi ikalia, malori yakasimama huku na huku, na wawili hao wakaingia kwenye ile pamba inayoelea. Mama anavuta, mtoto hataki haraka, anatazama juu na kutabasamu. Kesho yake walikuja wa nyumba tatu. Shule zilipokaribia kufungwa, refa alikuwa anavusha kundi lenye kelele kama la sokoni.

Mkuu alikwenda kujionea. Akarudi, na mchana huohuo akaidhinisha aajiriwe mvushaji mwingine kwa ajili ya soko. Wiki iliyopita mwalimu alileta habari: binti wa mfuaji amesimama mbele ya darasa, akasoma ukurasa mzima kwa sauti. Bi Ndoto akafumba macho mezani kwake, machozi yakamtoka, nasi tukalia naye, jamani, bila aibu.

Asante, dada yetu. Umetufundisha kazi, umetuchekesha, na tutakukumbuka mno. Tunakuombea afya, usingizi wa kushiba na siku zisizo na vikao. Refa naye ametuma salamu. Jumatatu, ukiwa huna ofisi ya kuwahi, upite kiwandani. Atasimamisha barabara nzima kwa ajili yako peke yako, na watoto wamesema watakungoja ng'ambo. Vuka polepole, Bi Ndoto. Hakuna gari litakalosogea.