Nilimuuza Ng'ombe wa Maziwa Nikanunua Kopo

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nasema hivyo kwa sauti ndogo, maana ndiyo iliyobaki. Mnanijua wote, mimi ni Baba Agatha wa kule bondeni, mume wa Oliva, yule mliyenisaidia kumzika wakati tunavuna viazi. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba ushuhuda mara tatu, na mara mbili nilimkatalia. Nilimwambia mfiwa hana ushuhuda, ana msiba tu. Leo nimesimama, lakini niwaambie mapema ili mtu asikae mkao wa kula bure: sijaja kushuhudia uponyaji. Oliva hakupona. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo, wa watu na wangu mwenyewe, na jinsi nilivyochelewa kutoka.

Maisha yetu ya zamani mnayajua. Tulikuwa na viazi, mahindi kidogo, na Zawadi. Zawadi alikuwa ng'ombe wetu wa maziwa, tuliyepewa akiwa mtamba, hajazaa bado, kwa ule mpango wa parokia, kwamba ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza unampa jirani anayefuata kwenye orodha. Ndama wetu wa kwanza tulimpa Mama Tulizo, huyu hapa amekaa karibu na mlango. Oliva ndiye aliyemfunga kamba shingoni na kumpeleka, akarudi analia kama aliyeoza binti. Oliva alimkatia Zawadi majani mwenyewe, alimkamua mwenyewe, akimsemesha Kibena kila asubuhi. Mimi nilikuwa nawaambia watu kwa utani kwamba katika nyumba hii mume ni mimi, ila anayependwa yuko bandani.

Kisha ukaja uvimbe tumboni. Sitaeleza yote. Alipasuliwa hospitali ya misheni, wakatoa walichoweza, na daktari akaniita pembeni akaniambia kilichobaki hakitoki kwa kisu. Siku ya kuruhusiwa, nesi alituketisha akatuambia maneno ambayo ningepaswa kuyashika kama Baba Yetu. Alisema mama huyu hawezi tena kula ugali wa kushiba, basi kila anachomeza kiwe na protini ya kujenga mwili. Mkipata unga wa protini uitwao wei, ule wa kawaida tu, mchanganyieni kwenye uji. Msipopata, maziwa yanatosha, na mayai, na maharage yaliyopondwa yakachujwa.

Ndugu zangu, mimi nilisikia nusu ya kwanza. Maziwa yalikuwa bandani, mayai yalikuwa chini ya kuku, na mimi nikajiambia kwamba kitu tulicho nacho siku zote hakiwezi kuwa dawa. Kingekuwa dawa, Oliva angeuguaje, naye anakikamua kila siku? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, na niliyaona ya busara.

Nikaenda Makambako. Nilipoulizia unga wa wei karibu na stendi, nilielekezwa ukumbi mmoja. Nikakuta watu wameketi kwenye viti vya plastiki, na mbele yao kijana wa suti ameshika kipaza sauti, wenzake wanamwita Balozi. Mezani yamepangwa makopo makubwa meusi, kila kopo lina picha ya mwanamume aliyetunisha mikono na maandishi ya dhahabu. Balozi hakuanza kwa kuuza. Aliita watu watoe ushuhuda.

Nisikilizeni hapa, ndugu zangu. Waliinuka mmoja mmoja kama nilivyoinuka mimi leo. Mama mmoja alisema alikuwa habebi hata ndoo, sasa anabeba gunia. Mzee mmoja alisema madaktari walishamkatia tamaa. Walilia, nami nikalia nao, na amina yangu ilikuwa kubwa kuliko zote mle ndani. Mimi nimekulia misheni. Nilizoea kwamba mtu akisimama mbele za watu akalia, anasema kweli.

Nikamuuliza Balozi, mke wangu amepasuliwa tumbo, litamfaa? Akanishika bega. "Mzee wangu, hili si kopo, ni uhai. Ile wei ya bei rahisi wanawapa nguruwe. Hebu niambie, mkeo ana thamani gani kwako?"

Swali hilo lilinimaliza. Mwanamume gani atasimama mbele ya watu aseme mke wangu ni wa bei rahisi? Akaniambia dozi kamili ni makopo sita. Sikuwa na fedha hizo. Nilikuwa na Zawadi.

Nilimwambia Oliva nampeleka ng'ombe Kitandililo kwa dada yangu, kuna dume zuri la kumpandisha. Ninyi nanyi niliwaambia hivyohivyo. Mama Tulizo aliponiuliza nilimwambia Kitandililo, katekista aliponiuliza nilimwambia Kitandililo. Kumbe Zawadi nilimpeleka mnadani, na walipokuwa wanampandisha kwenye lori nilijifanya nazungumza na simu ili nisimtazame. Nilirudi na makopo sita ndani ya gunia la mbolea, na njia nzima nilikuwa na furaha. Hilo linaniuma kuliko mengine. Nilirudi na furaha ya mtu aliyeshinda.

Nikaanza kukoroga. Vijiko viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Unga ulinukia vanila na ulikuwa mtamu sana. Oliva alinitazama nikikoroga, akaniambia ahsante, Baba Agatha, akamaliza kikombe. Kopo la kwanza likaisha, la pili likaisha, na mifupa ya mabega yake ikazidi kutokeza. Nilimpigia Balozi simu, akasema mwili unajisafisha kwanza, ongeza dozi. Nikaongeza, na kopo la tatu na la nne yakaisha upesi kuliko la kwanza.

Hapo hofu ikaniingia. Nyumba haikuwa na kitu kingine cha kuuza kinachofikia bei ya kopo, na kijiko kikaanza kupungua mkononi mwangu. Kimoja na nusu. Kimoja. Kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kujazia kopo kwa sembe niliyoikaanga kidogo ili ifanane rangi, pamoja na sukari. Nilimnywesha mke wangu mgonjwa sembe na sukari kutoka kwenye kopo la maandishi ya dhahabu nikamwambia ni dawa. Balozi alinidanganya mara mbili, ukumbini na kwenye simu. Mimi nilimdanganya Oliva mara tatu kwa siku, na alikuwa akinishukuru.

Nisiwafiche, wakati ule nilikuwa sisali. Nilikuja hapa jumuiya nikashika rozari, midomo ikacheza, lakini ndani palikuwa pakavu. Mliniuliza hali ya mgonjwa, nikasema anaendelea vizuri. Siku moja baada ya misa Mama Tulizo akaniambia mbele ya watu, "Baba Agatha, dume gani hilo la Kitandililo la miezi mitatu? Au limemwoa kabisa?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Laiti ningesema kweli palepale, kabla kicheko hakijaisha! Mtoto wa Zawadi alikuwa anakamuliwa ng'ambo ya kijito, umbali wa kuitana kutoka kitanda cha mke wangu. Kikombe cha maziwa kilikuwa kinangoja neno langu moja, na neno hilo nililimeza.

Aliyekuja kunifungua hakuwa malaika. Ni Sista Editha, yule anayesimamia jibini pale misheni. Alikuja kumletea Oliva Komunyo, na alipomaliza sala akaliona kopo jeusi mezani kando ya msalaba. Akalichukua. Hakusoma mbele, aligeuza. Ndugu zangu, mimi kopo lile nililinunua, nililibeba, niliweka msalaba karibu nalo, lakini sikuwahi kuligeuza. Sista akavaa miwani akanitafsiria yale maandishi madogo ya Kiingereza. Kilichoandikwa kwanza ni sukari. Cha pili ni wanga wa mahindi. Wei ilikuwa ya tatu, na katika kila gramu mia za unga ule protini haikufika hata gramu kumi na tano. Akanieleza kwamba kule nyuma huanza na kilicho kingi kuliko vyote.

Nilikaa chini sakafuni. Niliuza ng'ombe nikanunua sukari na mahindi, na yalipopungua nikajazia sukari na mahindi.

Sista hakunibembeleza. Alisema kesho asubuhi njoo misheni. Nikaenda, nikamweleza habari za Balozi. Alinionyesha sufuria kubwa, maziwa yameganda, wanayachuja kwa kitambaa. Jibini ilibaki juu, na chini yakatoka maji ya kimanjano. "Hii ndiyo wei, Baba Agatha," akasema. "Huko viwandani wanaichuja na kuikausha, ndiyo ule unga. Ni kitu kizuri, na Balozi wako hakusema uongo kwamba kinajenga mwili. Ila kinatoka kwenye maziwa." Nje ya mlango walikuwepo watu na ndoo zao, wanangoja maji hayo wakawape nguruwe. Nikakumbuka maneno ya ukumbini. Nililia pale mbele ya wenye ndoo, na hakuna aliyeniambia amina.

Siku hiyohiyo Sista akaniandikia karatasi, akanikopesha na fedha, niende duka la dawa mjini Njombe. Wakanipa mfuko wa kijivu, hauna picha ya mtu, hauna dhahabu, umeandikwa jina la kitu kilichomo basi. Niliugeuza mwenyewe, muuzaji akanisomea. Cha kwanza wei, na cha pili hakipo. Katika gramu mia, protini ni sabini na kitu. Mfuko wa kilo nzima haukufika nusu ya bei ya kopo moja jeusi. Ulikuwepo pale dukani wakati wote nilipokuwa napita kwenda Makambako, na sikuwahi kuingia kuuliza.

Nilirudi nikamwambia Oliva kila kitu. Nilianza na Zawadi, nikaenda kwenye sembe. Nilitegemea anilaani. Akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Kama angekuwa anarudi, ungeendelea kukata majani ya kumngojea. Hukuwahi kutoka na panga. Na sembe nimekula tangu nazaliwa, nishindwe kuijua ladha yake?"

Nikamuuliza, sasa mbona ulikunywa? Mke wangu akanitazama. "Ulikuwa unakoroga kwa matumaini, Baba Agatha. Nikasema nikikataa hiki kikombe, huyu atabaki na nini?"

Ndugu zangu, mtu wa namna hiyo ndiye niliyemlisha sembe. Mimi nilidhani namficha yeye ukweli, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananihurumia mimi. Alikonda ili mimi nisikate tamaa. Sina mahali pa kuliweka hilo. Nimelipeleka kwenye kitubio, padri amenipa maondoleo, na bado nikirudi nyumbani nalikuta limekaa.

Jioni ile nilivuka kijito kwenda kwa Mama Tulizo. Nilipiga hodi, nikasema Zawadi sinaye, nimemuuza. Mama Tulizo hakuniuliza swali hata moja. Alichukua chombo cha maziwa akatangulia njia. Oliva alipopewa kikombe cha kwanza cha moto akauliza maziwa ya nani. Mama Tulizo akamwambia, "Ya mjukuu wako." Akanywa taratibu, amefumba macho, na alipomaliza akaramba midomo. Sikuwa nimemwona akiramba midomo tangu alipopasuliwa.

Kuanzia siku hiyo alikunywa uji wa maziwa wenye kijiko cha ule unga wa mfuko wa kijivu. Baada ya wiki mbili aliweza kukaa kwenye kiti mlangoni akiota jua. Alisuka nusu ya kikapu. Agatha wetu alikuja kutoka Matamba alikoolewa, wakacheka mambo yao ya kike mimi nikiwa nje. Mungu alitupa mwezi mmoja na siku chache, kisha uvimbe ukafanya ulichokuwa umekusudia. Daktari ameniambia hata angekunywa maziwa tangu mwanzo mwisho ungekuwa uleule. Labda ni kweli, labda ananionea huruma. Mimi najua tu kwamba kabla ya mwezi ule kulikuwa na miezi mitatu, na angeweza kuikaa mlangoni akiota jua. Hiyo hairudi hata kwa ng'ombe mia.

Basi nashukuru nini? Nashukuru kwamba mke wangu hakufa na njaa. Siku aliyoondoka, kikombe kando ya kitanda kilikuwa kitupu, na alikimaliza yeye mwenyewe. Nashukuru kwamba hakufa akiwa anadanganywa. Ni shukrani ndogo, lakini ndiyo niliyo nayo, na Bwana alipokea hata senti mbili za mjane.

Nanyi mlio na mgonjwa nyumbani, au kijana anayetaka mwili wa kubeba mbao, mtumainini Mungu. Unga si dhambi, ununueni, ila anzeni na alichowawekea bandani na chini ya kuku. Kitu cha kweli hakihitaji kipaza sauti. Na mkikwama mwambieni jirani kabla hajawauliza. Wala mimi msiniamini kwa sababu nimelia, maana hata kule ukumbini walilia.

Kopo nimekuja nalo, hili hapa. Mpokezane, kila mtu alishike. Mama Tulizo, anza wewe. Huko mbele usisome, mama. Ligeuze.