Mzee Leodegar Anayaaga Mapango

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Leodegar Raimundi, Kiongozi wa Kikosi cha Mapango katika kituo chetu hapa Ifakara, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Karani wa masjala aliyepewa kuandika wasifu huu yuko katika mwaka wake wa pili wa ajira na hajawahi kuingia pangoni. Amewauliza walioingia. Makosa yakionekana ni yake, si yao.

Mzee Leodegar alizaliwa upande wa Mahenge, akaajiriwa mwaka 1993 kama mbeba kamba. Kazi ya kikosi ni kuhesabu popo na kupima maji katika mapango ya milimani: kutambaa kwa kifua saa tatu au nne, tochi kichwani, kwenye matope yenye mavi ya popo. Amechora ramani za mapango kumi na saba, na hakuna aliyeingia naye akakosa kutoka.

Hata hivyo, wenzake wakimzungumzia hawaanzi na ramani. Wanaanza na desturi aliyoileta, wanayoiita kutua. Mdomoni mwa pango, kabla ya kuwasha tochi, kila mmoja sharti aseme moyo wake umeamkaje, na kiongozi ndiye wa kwanza. "Semeni hapa," alizoea kuwaambia, "kule ndani hakuna pa kuuweka huo mzigo." Fulgensi wa Masagati aliwahi kutamka kwamba pango haliogopi, anamwogopa mama mkwe aliyefika jana na sanduku kubwa. Walicheka mpaka wakachelewa kuingia. Anayesema leo hawezi hubaki nje kushika kamba, na fomu huandikwa kwamba amepangiwa kamba. Sababu haiandikwi.

Mwaka 2011 kijana mpya, Nkwabi, aliona aibu kusema. Alijibu kwamba yuko sawa, akaingia, na kwenye upenyo mwembamba pumzi ikamkatika. Ilichukua saa mbili kumtuliza na kumtoa. Kesho yake hakuja kazini. Alirudi kwa wazazi wake kijijini Mofu, kwenye ng'ombe, akisema mtu wa kupiga kelele kama mtoto hafai kuonekana mbele za watu.

Mzee Leodegar alimfuata kwa baiskeli. Hakugusia pango. Aliomba afundishwe kukamua, na kwa siku tatu alipigwa mateke, akamwaga maziwa, akachekwa na boma zima. Siku ya nne Nkwabi alimwambia, "Mzee, ng'ombe umeshindwa kabisa." Naye akajibu, "Nimeshindwa, mwanangu. Lakini chakula cha jioni mmenipa." Jumatatu iliyofuata Nkwabi alikuwa kazini.

Mwaka jana magoti ya Mzee Leodegar yalikataa, na daktari akamzuia kutambaa. Fomu za masjala zinaonyesha amepangiwa kamba wiki mbili mfululizo, kisha jina lake halimo. Alijifungia nyumbani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini. Akipigiwa simu, mkewe, Mama Teddy, alisema amelala, hata saa nne asubuhi.

Nkwabi alikwenda. Baada ya shikamoo alimwambia hakuja kumpa pole: vijana wako mdomoni mwa pango tangu asubuhi na hakuna anayetaka kuanza kusema. Mzee alivaa buti. Alipofika alisimama mbele yao, akatazama chini, akasema, "Naogopa. Pango likiisha, sijui mimi ni nani." Kisha Yunis, anayepokea uongozi wa kikosi, akasema, "Mimi naogopa kuingia ukiwa nje, baba." Waliwasha tochi, wakaingia. Yeye alishika kamba, na tangu siku ile hajakosa hata siku moja.

Alipoulizwa kwa ajili ya wasifu huu atakumbuka nini, alitaja baridi ya jiwe kwenye shavu, na ile dakika ndani kabisa wanapozima tochi zote ili popo watulie, kila mtu akisikia pumzi za wenzake na kujua wako wangapi. Alisema bado huamka akiitafuta.

Mzee wetu, kituo kinakushukuru. Huko kwenu Mahenge unakorudi tunakutakia afya, mpunga wa kutosha, na usingizi. Hatukutakii usahau. Na ikifika asubuhi utakapoamka huna pa kwenda, ukajiona hufai kitu, tafadhali usitupigie kutuambia u mzima. Sema ilivyo. Nkwabi ameomba iandikwe hapa kwamba baiskeli anayo, na njia ya kwako anaijua.