Siku Miguu Yangu Ilinikataa

Habari zenu, watu wa Chechelesi. Wale mmekuja kwa Bwana, na wale mmekuja kuona nani amevaa nini, wote nawasalimia. Pasta ameniambia nisiongee sana. Pasta, mimi mwenyewe nataka nimalize nikae chini. Lakini hii maneno nikiikimbiza haitaeleweka, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Wengi hapa mnanijua. Mwaka jana mlikuwa mnaniona asubuhi nikipita na ile kaptura nyekundu ya shule, na mama wa hapa wanauliza, "Kwani huyu anafukuzwa na nani?" Nilikuwa kwa timu ya shule ya mbio za nyika, ile tunaita kroskantri. Nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa kapteni wetu, dada wa Fomu Foo, darasa la mwisho. Sitataja jina la mtu leo. Huyo dada huo ulikuwa msimu wake wa mwisho, na alikuwa anataka kitu moja tu: timu ifike mashindano ya kaunti, watu wakubwa wamuone akikimbia.

Sasa, Desemba nilikuwa nimeenda kwa nyanya, kule Kulamawe. Nyanya ana mbuzi na ngamia wachache. Na kwetu mtoto akikimbia vizuri, sifa inaenda kwa maziwa. Si kwa mwalimu, si kwa mazoezi. Na maziwa ni ile imetoka kwa ngamia saa hiyo, iko na povu, bado ina joto. Ya kuchemsha ni ya wagonjwa. Nyanya husema ukiweka maziwa kwa moto unachoma chuchu ya mnyama, kesho hatoi kitu. Sisi tunatia kibuyu moshi, tunamimina, tunakunywa. Nilikunywa likizo yote.

Januari nikarudi na uchovu sijawahi kuona. Jioni mwili unakuwa moto, asubuhi nimelowa jasho kama nimenyeshewa. Kiuno inauma kama ya mzee. Mwalimu wa michezo akasema, "Likizo imekuharibu wewe." Mama yangu, amekaa pale, mama usiiname, alisema, "Amka, wacha uvivu, hiyo ni simu unaangalia." Nyanya akasikia mjukuu amekosa nguvu. Unajua alifanya nini? Akaanza kutuma jerikeni ya maziwa na gari ya asubuhi. Dereva anaambiwa, "Mwambieni huyo msichana amalize yote." Nikamaliza. Mimi ni mtoto wa adabu.

Ikafika mbio ya kwanza ya msimu.

Wacha nieleze, kwa sababu naona wazee wamekunja uso. Kwa kroskantri shule haishindi na mtu mmoja. Wasichana wanne wa kwanza wa kila shule ndio wanahesabiwa pamoja. Shule zingine zilikuja na sita, mpaka na wa akiba. Sisi tulikuwa wanne kamili, wengine walikuwa wamehama na mifugo hawajarudi. Maanake, mmoja wetu asipofika, wale watatu wamekimbia bure. Kama hawakuja. Kapteni alitukusanya nyuma ya choo ya uwanja, akasema, "Sitaki mtu ashinde. Nataka mtu afike." Akaniangalia mimi. "Wewe uko sawa?" Nikasema niko sawa. Nilikuwa naamini hivyo, nilikuwa nimekunywa kikombe mbili za ile maziwa.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa pamoja naye. Wa pili nikaona mgongo wake ukienda. Si ati nilipunguza. Nilikuwa nasukuma vile vile, lakini miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine nimeazima. Upepo wa Isiolo mnaujua, unakurudisha nyuma na unakupaka vumbi juu yake. Vijana walikuwa wamekaa kwa ua, wakaanza. "Oya, engine imekufa!" "Msukumeni!" "Huyo amebeba mawe ama?"

Halafu nikaanguka. Hakuna mtu alinigusa, hakuna jiwe. Nilikuwa nakimbia, nikawa niko chini. Na ile laini ya mwisho naiona. Naona kamba, naona mwalimu na saa yake. Ni hapo tu, kama kutoka hapa mpaka kwa ile duka ya mkate.

Nikajiambia inuka. Mkono ukasikia, miguu ikakataa.

Kapteni alikuwa ameshamaliza, na alikuwa amemaliza wa kwanza. Ndugu zangu, nawaambia, huyo dada hakungoja hata maji. Alirudi akikimbia. Mwalimu wa shule ingine akapiga kelele, "Usimguse! Ukimgusa anatolewa!" Ndio sheria. Kwa hivyo akachuchumaa kando yangu, akaweka mikono nyuma ya mgongo, ameishika yeye mwenyewe isinishike.

"Kuja. Tambaa tu."

"Siwezi."

"Si ni hapo tu?"

"Siwezi."

"Aki tafadhali." Akaanza kulia. "Tafadhali, hata kama ni wa mwisho."

Wa mwisho alitupita, msichana mnene wa watu, anatembea, ananiangalia na huruma. Baadaye wakatoa kamba. Hakuna kitu ingine naweza kuwaambia hapo. Wakatoa kamba, watu wakaenda kula.

Jumatatu shuleni ikawa maneno. Ati niliringa. Ati niliogopa. Wengine wakasema ni jicho baya la mtu. Nikapewa dawa ya malaria, nikamaliza. Dawa ya taifodi, nikamaliza. Hapa kanisani mliniwekea mikono mkaomba, na mimi nawashukuru, lakini wacha niseme ukweli: niliamka nikiwa bado mgonjwa, nyinyi nyote mnapiga makofi, na sikujua niweke uso wangu wapi. Nilirudi kwa godoro. Kushika kitana ilikuwa kazi. Na kila asubuhi, jerikeni.

Siku moja ya Jumamosi mwalimu wa michezo akaja nyumbani na wale wasichana watatu. Kapteni alisimama kwa mlango. Nyanya naye alikuwa amekuja kutoka Kulamawe na maziwa yake mkononi, amechoka kupata habari zangu kwa dereva. Wageni ni wageni. Akamimina vikombe.

Yule mdogo wetu, msichana wa kutoka Korbesa, akasema, "Asante nyanya, mimi sitakunywa."

"Kwa nini? Umefunga?"

"Hapana. Kwetu mbuzi walitupa mimba, daktari wa mifugo akatukataza maziwa isiyochemshwa. Kaka yangu alilala hivi hivi kama huyu. Viungo, jasho, hivi hivi."

Nyanya akacheka. "Mbuzi wa siku hizi! Hiyo ni kiangazi tu. Hata ngamia wangu wametupa."

Mwalimu alikuwa ameshainua kikombe, iko hapa kwa mdomo. Akaishusha polepole.

"Nyanya, wametupa lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Nyanya akaangalia kikombe, akaniangalia mimi, akaangalia jerikeni.

Hospitali walitoa damu wakasema ni brusela, ugonjwa wa wanyama unaingia na maziwa mabichi. Nyanya alikaa kwa benchi akauliza, "Sasa ni mimi?" Daktari akamwambia ni ugonjwa, nyanya, si wewe. Nikikosa nguvu ananitumia maziwa, nikikunywa nakosa nguvu, ananitumia ingine. Mtu anaweza kupendwa hivyo mpaka ashindwe kusimama, na hakuna mtu mbaya hapo ndani.

Vidonge zilikuwa za muda mrefu, na zinachafua tumbo. Msimu ukaisha nikiwa kwa godoro. Kwa kaunti zilienda shule zingine. Mwaka huu nimekimbia tena mbio ya kwanza. Sikuwa wa pili, msinipigie makofi, nilikuwa nyuma kabisa, na kiuno bado inanikumbusha wakati wa baridi. Lakini nilifika.

Namshukuru mwalimu. Namshukuru yule msichana wa Korbesa, yeye ni wa msikiti, hayuko hapa, lakini ni yeye Mungu alitumia, na mama zake mkiwaona sokoni wasalimieni vizuri. Namshukuru nyanya, ambaye sasa anachemsha na ananung'unika. Namshukuru mama.

Kapteni alimaliza shule. Siku ile nilianguka aliwashinda wote na haikuhesabiwa, na hakupata siku ingine. Nilienda kumwomba msamaha. Akaniuliza, "Kwani ulifanya nini?" Nikatafuta, nikakosa. Kama ningekuwa nimefanya kitu ningetubu hapa mbele yenu, niwe mwepesi. Sina.

Kwa hivyo fundisho langu ni ndogo. Chemsheni maziwa. Na mtoto akikuambia hawezi, usimwambie inuka. Muulize wapi panauma, halafu ungoje akujibu. Mimi niliambiwa inuka na watu wote, na nilikuwa nawasikia.

Hayo tu. Nakaa chini.