Muuguzi Aliyekataa Kutuahidi Uongo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Meinong, Ndugu Mkurugenzi wa kituo chetu cha kuuguza wagonjwa wasiopona, ndugu wauguzi, jirani zangu wa sokoni mliofunga meza zenu mapema, na wewe Dada Wen Pi-hsia unayestaafu leo: salamu zangu kwenu nyote.

Mnanijua. Mimi ni Fung Chin-mei, muuza tofu, yule wa vipande vyeupe vya maharage ya soya. Nimeombwa niseme maneno mazuri, na kwa kuwa wakubwa walionitangulia wameyamaliza yote, mimi nitasema ya kweli.

Miaka tisa iliyopita mama yangu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Daktari alituita pembeni, mimi na kaka yangu Jui-sheng. Mama akabaki kwenye benchi na mfuko wake wa mapera. Tukafanya jambo ambalo, semeni ukweli, nani kati yenu hajalifanya? Tukamwambia ana vidonda vya tumbo. Kisha tukatafuta watu wa kuja kumuuguza nyumbani, maana kwa desturi yetu mzee hukata roho sebuleni kwake, mbele ya madhabahu ya mababu zake.

Walikuja watu wa vituo vitatu. Kila mmoja tulimpa sharti moja: mama asijue. Wa kwanza akasema, "Ondoeni shaka, hata sare hatutavaa." Wa pili akasema, "Tutamwambia sisi ni watu wa vitamini." Kaka akafurahi, akamwongezea chai. Wa tatu akawa huyu Dada Wen, na pikipiki yake, koti la mvua likichuruzika maji.

"Sitaanza mimi kumwambia," akasema. "Lakini akiniuliza, nitamjibu."

"Wee dada, umekuja kuuguza au kuua?" kaka akafoka.

"Kaka, mgonjwa ni yeye, si wewe."

"Basi shika njia!"

Akashika njia. Mimi nikabaki naosha vikombe, na wazo moja likanikaba: mtu anayekubali haraka kama wale wawili kumdanganya mama kwa ajili yangu, siku dawa ya maumivu itakapomwishia, siku muuguzi wake atakapokosa kuja, mimi ataniambia nini? Nikampigia Dada Wen simu arudi. Kaka alininunia wiki mbili nzima.

Ndugu zangu, mnapomchagulia mpendwa wenu watu wa kumuuguza, ulizeni kuhusu dawa, ulizeni watakuja mara ngapi na nani atapokea simu hali ikibadilika. Lakini kwanza waombeni wamdanganye mgonjwa, halafu watazameni usoni. Anayekataa, mng'ang'anieni!

Siku ya nne mama aliuliza. Dada Wen akaketi kitandani, akamshika mkono, akamjibu. Mimi mlangoni nikaanza kulia.

"Unalia nini, mjinga wewe?" mama akaniambia. "Vidonda gani vya tumbo vinavyomleta kaka yako nyumbani kila Jumamosi?"

Alikuwa anajua! Miezi miwili alikaa na hofu yake peke yake, asije akatuharibia uongo wetu. Hilo linaniuma mpaka leo. Alipata wiki saba za kuzungumza nasi waziwazi, akazikataa mashine za kurefusha uhai kwa sahihi yake mwenyewe, akafia sebuleni kwake. Na Jui-sheng ndiye aliyemshikia Dada Wen mwavuli mpaka kwenye pikipiki.

Po-yen, mwanangu, wewe wa safu ya tatu, weka simu chini. Jumanne ulimvuta daktari koridoni, ukarudi ukaniambia nimepungukiwa damu. Mwanangu, mchezo huo niliucheza kabla hujaota ndevu! Jana nilikwenda kwa wauguzi aliowafundisha Dada Wen, nikawauliza, wakanijibu. Nimewachagua, na karatasi nimeshatia sahihi. Usitafute wengine. Jioni ya leo njoo uketi nami, uniulize ninaogopa nini. Nitakuambia.

Dada Wen, pumzika, umefanya kazi. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza, na wewe Po-yen zaidi ya wote.