Mkasi Uko Kwenye Sanduku la Mama Eliya

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe na wote niliowashonea na wote ambao bado hawajanifikia.

Mnanijua. Mimi ndiye fundi wa barazani hapa Kariakoo, mwenye diploma ya ukataji nguo kutoka Nairobi. Iko ukutani ndani ya kioo, na asiyeamini apite aione. Sikusomeshwa na baba wala mjomba. Nilishuka Kilimanjaro na shati moja, nikafagia duka la nguo Nairobi, nikajifunza baada ya kazi, nikawashinda wenzangu wote darasani. Niliporudi nikafungua kazi hapa Dar es Salaam, na kabla ya mwaka kwisha kila karani aliyetaka kuonekana mtu alikuja kwangu kupimwa.

Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi, nami nikaona ni bidii. Kisha vitambaa vikaanza kusema nami. Mwanzoni vilinisifu, kwa hiyo sikuona ajabu. Baadaye vikaniambia kwamba nguo za mji huu zinawabana watu, na nisipozikata watakufa wote kwa kukosa pumzi. Ndugu zangu, niliwahurumia sana. Nikakata suti za wateja zilizokuwa zimetundikwa. Nikakata gauni la kanisani la mke wangu. Nikakata pazia la mwenye nyumba wetu, Bi Mwanaidi. Halafu nikatoka barabarani, nikamshika mchukuzi aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa viazi, nikampelekea mkasi shingoni ili nimfungue kola. Nia yangu ilikuwa kumwokoa, lakini mkasi ni mkasi. Mama Eliya, mke wangu, ndiye aliyeudaka, na kovu la kiganja chake mmelishika nyote mkimsalimu.

Nikapelekwa kwa gari moshi mpaka hospitali ya wagonjwa wa akili, bara. Huko nilipewa dawa, nikalala, na polepole vitambaa vikanyamaza. Mama Eliya aliuza maandazi mbele ya cherehani yangu iliyofunikwa, nanyi mkaniombea. Mungu alisikia. Wako ndugu walioniambia kwamba mwenye imani hamezi dawa. Mimi namshukuru Mungu kwa dawa kama ninavyomshukuru kwa ugali, na vyote navimeza.

Niliporudi nilidhani nimekwisha kuokolewa. Kumbe bado. Mkasi wangu ulikuwa umefungiwa kwenye sanduku la Mama Eliya, na ufunguo umefundikwa kwenye pindo la kanga yake. Nikaruhusiwa kushona tu. Fundi jirani, Saidi, ndiye aliyenikatia, nami nikiunga vipande vyake, mikono mirefu kuliko mwenye shati. Watu wakasema fundi amepona. Ndugu zangu, kushona ni kufuata njia. Kukata ndiko kufikiri. Mtu aliyezoea kutazama kitambaa kitupu akaona koti zima ndani yake, ukimnyima mkasi umemnyima macho. Nilikaa nyuma ya cherehani kama mtu aliyezikwa akiwa ameketi.

Ndipo kwaya yetu ikataka majoho ya Pasaka. Bwana Ratilal, muuza vitambaa wa Mchafukoge, akaleta mwenyewe jora la kitambaa cheupe mpaka barazani, akaliweka mezani.

"Saidi simpi," akasema. "Saidi anakata kama anafungua gunia. Hiki ukate wewe."

Wanakwaya walikuwa wamesimama wakingoja kupimwa. Wote wakamtazama Mama Eliya.

"Baba Eliya," akaniuliza, "ukianza tena, mimi nitajuaje?"

"Nitakuletea mkasi mwenyewe, kabla hujauomba."

"Na wewe utajuaje?"

"Nikikosa usingizi. Na kitambaa kikianza kunisifu."

"Basi utaniletea kila siku, maana huwezi kumaliza siku hujasifiwa."

Wanakwaya wakacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akifungua fundo la kanga. Bi Mwanaidi alikuwa ameketi mlangoni kwake, na pazia lake jipya alikuwa ameshalishusha, amelikunja.

"Haya, Bwana Diploma," akasema, "kata. Langu nimelikalia."

Nikapiga chaki, nikakata. Nikabuni kwapa pana ili mwimbaji ainue mikono bila joho kupanda, na mgongoni nikaacha mkunjo unaofunguka anapovuta pumzi. Mnaona jambo lenyewe? Katika ugonjwa niliambiwa nguo zinawabana watu. Safari hii Mungu alinipa dawa ya kubanwa huko bila kumtisha mchukuzi yeyote.

Yatazameni majoho hayo hapo nyuma yangu. Kuanzia Ilala mpaka bandarini hakuna fundi mwingine anayekata bega kama lile. Nasema kweli, na kusema kweli si majivuno. Tangu Pasaka ile nimebuni magauni ya maharusi, makoti ya watoto, na kofia za akina mama ambazo mvua haizishindi.

Lakini sikuja kuwaambia kwamba ugonjwa umekwisha. Wiki hii sikulala vizuri. Juzi, kabla ya chai, niliuchukua mkasi mezani nikampelekea Mama Eliya. Akaufungia sandukuni, akanimiminia chai. Wateja wanangoja, na wangoje. Zamani ningeona nimeshindwa. Leo nasimama mbele yenu bila mkasi, diploma yangu iko palepale ukutani, na moyo wangu umetulia. Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu: siku ile mkasi ulitolewa mkononi mwangu kwa damu, siku hizi naupeleka kwa miguu yangu.

Wewe unayenisikia, kama una mkasi wako unaoujua mwenyewe, usiufiche. Mtegemee Bwana, kisha mwombe akuonyeshe mtu mmoja wa kumkabidhi. Mimi nikipata usingizi nitauomba wangu, naye atanirudishia, maana tumeshafanya hivyo kabla ya leo. Kitambaa cha suti ya mchungaji kiko mezani kinanisubiri. Nimekipitia asubuhi hii nikija kanisani na, Mungu ashukuriwe, hakikusema neno.